Mkate wa Asubuhi na Moto wa Pamoja

(Mazungumzo ya walimu wa kambi mbele ya wakazi na wageni, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Yamechapwa katika toleo hili la kumbukumbu kwa ombi la Kamati ya Jumuiya.)



 

Kamati ilitutaka sisi walimu tuseme maneno machache siku hii ya leo. Huenda wengi mlitazamia tuzungumzie madarasa, vitabu na utoro. Sisi tumechagua kuzungumzia mkate wa asubuhi: maandazi, vitumbua, mkate wa kumimina, na ile mikate midogo mitamu ambayo mama huitoa motoni watoto wakiwa bado wanajinyoosha kitandani. Mtasema walimu wameona njaa. Ni kweli, mwalimu naye huona njaa. Lakini tunalo neno moja la kusema juu ya mkate huu, nalo ni zito kuliko linavyoonekana.

Neno lenyewe ni hili: nyumba iliyovunjwa na vita huanza kusimama tena asubuhi, pale jamaa wanapokaa pamoja kula kitu walichokitengeneza wenyewe. Na hapa kambini kitu hicho hakiwezekani mpaka tukubali kuchangia moto.

Kwanza tujieleze sisi ni nani. Serikali hutuita kwa Kireno "deslocados", watu waliohamishwa, kwa sababu hatukuvuka mpaka wa nchi. Wataalamu wa sheria nao husema mkimbizi ni yule aliyevuka. Kwa Kiswahili chetu cha Palma na Quionga, mtu aliyekimbia ni mkimbizi, awe amevuka mto Ruvuma au amevuka barabara tu. Tumetoka Mocímboa da Praia, ambako mashambulizi yalianza tarehe 5 Oktoba 2017. Tumetoka vijiji vya Nangade na Macomia. Tumetoka Palma mjini penyewe, tulipokimbia tarehe 24 Machi 2021 na siku zilizofuata. Wengine wetu wamesharudi makwao. Wengine wamerudi kisha wakakimbia tena. Wengine bado tupo. Kila mmoja alibeba alichoweza. Hakuna aliyebeba jiko.

MKATE NA WATOTO WA SHULE

Sisi walimu tunaujua mkate wa asubuhi kwa njia moja: tunauona darasani. Mtoto aliyekula kitu kabla ya kuja hukaa, husikiliza, na huuliza maswali. Asiyekula huja vilevile, maana watoto wetu wanapenda shule, lakini ikifika saa nne kichwa kiko juu ya mkono. Hatuna haja ya takwimu kuliona hilo. Tunao mbele yetu kila siku.

Tena tunafundisha hesabu kwa mkate. Mikate 12 igawanywe kwa watu 8, kila mmoja atapata mingapi? Mtoto wa pwani hashindwi hesabu hiyo, kwa sababu ameshaona nyumbani nani hupewa mmoja na nusu na nani hujifanya ameshiba. Mara nyingi anayejifanya ameshiba ni mama.

Wapo wanaosema kwamba maandazi na mikate mitamu ni anasa, na kwamba mkimbizi anayeuza sehemu ya mchele wake ili anunue sukari na ngano hana njaa ya kweli. Maneno hayo tumeyasikia kwa masikio yetu kwenye foleni, na aliyeyasema hatumtaji, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyejua. Jamaa wa watu 7 wakila wali mtupu mchana na wali mtupu usiku, mwezi baada ya mwezi, watakuwa hai. Lakini kuwa hai tu si kuwa na nyumba. Mama anapouza vikombe viwili vya mchele akanunua kikombe cha sukari, anafanya kazi ya mama: anaweka kitu mezani kinachowafanya watoto waamke wakiwa na hamu ya siku hiyo.

NGANO NI MGENI KWETU

Tuseme sasa juu ya ngano, kwa sababu ndiyo inayotusumbua bei.

Mkate wa ngano tunaouita wa "padaria" ulikuja na Wareno. Nao Wareno wa huku kwa muda mrefu walitawala kupitia Bara Hindi: mpaka mwaka 1752 Msumbiji iliamriwa kutoka Goa. Kiswahili chetu kilichukua meza na leso kutoka kwao, na watu wa pwani wakachukua na mkate. Hatuoni aibu. Mkate ni mzuri. Ila tukumbuke kwamba ngano hailimwi katika mashamba yetu ya pwani, na nchi yetu karibu ngano yake yote huiagiza kutoka nje kwa meli.

Maana yake ni kwamba bei ya andazi la hapa kambini huamuliwa mbali sana. Mwaka 2010 ukame na moto viliharibu mavuno ya Urusi, na mwezi Agosti serikali ya huko ikazuia ngano isiuzwe nje. Mwanzoni mwa Septemba mwaka huohuo bei ya mkate ilipandishwa Maputo, watu wakaingia barabarani, wakafa zaidi ya 10, na baada ya siku chache serikali ikairudisha bei ya zamani. Mwaka 2022 Urusi iliposhambulia Ukraine, bei ya ngano ikaruka tena duniani kote. Mama anayekaanga maandazi hapa hakujua Ukraine iko wapi, lakini alipunguza ukubwa wa andazi wiki hiyohiyo.

Na mgao nao umekuwa ukipungua. Mwaka 2022 WFP ililazimika kuukata mgao nusu kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID, na athari yake imefika mpaka kwenye foleni zetu. Hatusemi haya kwa kulalamika. Tunayasema ili tuelewane kwamba familia inayosubiri ngano ya bei rahisi itasubiri sana.

Je, kabla ya padaria watu wa pwani walikula nini asubuhi? Walikula mchele, muhogo na nazi. Vitumbua ni mchele. Mkate wa kumimina ni mchele. Mchele ndio uliomo ndani ya mgao, na minazi ndiyo inayotuzunguka. Basi tuanzie hapo.

VITUMBUA NA MKATE WA KUMIMINA

Akina mama wa Kimwani mtatusamehe, maana tunawafundisha kuku kuchakura. Lakini wapo hapa vijana waliopoteza mama zao kabla ya kufundishwa, na wapo wenzetu wa uwandani na wa bara ambao kwao si chakula cha kila siku. Tunaandika kwa ajili yao. Kikombe tunachokitaja ni kile cha robo lita.

Loweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha. Asubuhi uchuje maji, uutwange kinuni mbichi vilevile, uuchekeche. Chukua konzi moja ya unga huo uupikie uji mwepesi, uuache upoe uwe vuguvugu. Changanya uji na unga uliobaki, tia kikombe kimoja cha tui zito, kijiko kimoja cha chai cha hamira, nusu kikombe cha sukari, na iliki iliyopondwa kama ipo. Piga kwa mkono mpaka uone mapovu. Rojo lisiwe zito kama ugali wala jepesi kama maji. Likidondoka kutoka kwenye upawa lidondoke kwa uvivu. Likizidi uzito, ongeza tui kidogo. Funika, weka mahali penye joto mpaka liumuke. Kisha tia tone la mafuta katika kila shimo la chuma cha vitumbua, mimina, geuza.

Rojo hilohilo ukilimimina lote katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto, ukafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko, unapata mkate wa kumimina. Hakuna mkate unaofaa zaidi kwa kambi: hauhitaji ngano, hauhitaji kusukumwa, na hukatwa vipande sawasawa mbele ya watoto wote ili asiwepo wa kulalamika.

Kuhusu kuumua, wazee wa pwani walitumia tembo la mnazi, kama walivyotumia waokaji wa Goa. Hamira ya dukani imetuondolea mjadala huo sisi Waislamu. Kwa anayetumia unga wa ngano, kuna njia ya kuokoa hamira: kila siku bakiza donge la unga uliokwisha kuumuka, kama ngumi ya mtoto, lifunike, na kesho lichanganye na unga mpya. Hiyo ndiyo chachu. Itachukua muda mrefu zaidi kuumua, kwa hiyo kanda jioni.

MIKATE MITAMU YA MACHICHA

Siku ngano inapopatikana, tengenezeni hii. Inatosha jamaa wa watu 6, mikate miwili miwili.

Vikombe 4 vya unga wa ngano, theluthi moja ya kikombe cha sukari, vijiko 2 vya chai vya hamira, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 3 vya kulia vya mafuta ya mgao, na kikombe kimoja na robo cha tui vuguvugu. Usimimine tui lote kwa mara moja, maana unga hutofautiana. Kanda mpaka donge liwe laini na liache kung'ang'ania mkononi. Lifunike mpaka liwe mara mbili.

Wakati unasubiri, chukua machicha ya nazi ile uliyokamulia tui. Wengi huyatupia kuku. Yatie katika kikaango na sukari robo kikombe, maji kidogo na iliki, koroga mpaka yakauke na yaanze kunukia. Sukuma donge liwe bapa, tandaza machicha, likunje kama unavyokunja mkeka, kisha ukate vipande 12. Vipange katika bati lililopakwa mafuta, vikikaribiana ili vikiumuka vishikamane. Acha viumuke tena, ndipo uoke.

Na kwa yule ambaye sukari haikupatikana kabisa, ipo bajia. Kunde au mbaazi za mgao ziloweke, zitolewe maganda, zisagwe na kitunguu na chumvi, zikaangwe. Mkate na bajia ndani yake ni chakula cha asubuhi kinachojulikana kutoka Palma mpaka Maputo, na humshibisha mtoto kuliko andazi tupu.

TAHADHARI JUU YA MUHOGO

Baadhi yenu mmeanza kuchanganya unga wa muhogo na ngano ili kupunguza gharama. Ni jambo jema. Nchini Nigeria serikali iliwahi kuwataka waokaji watie sehemu 10 kwa 100 za muhogo, na mkate haukuharibika. Katika vikombe 5 vya unga, nusu kikombe kiwe muhogo. Ukizidisha sana, mkate hauinuki.

Lakini hapa hatutanii. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo haionekani kwa macho. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, wengi wao akina mama na watoto, walikakamaa miguu. Watu waliuita ugonjwa ule mantakassa. Waganga huuita konzo. Aliyeupata haponi. Ulitokea kwa sababu watu wenye njaa walifupisha siku za kuukausha muhogo. Sisi nasi ni watu wenye njaa na wenye haraka, basi tujihadhari.

Ipo njia iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, ambayo imefundishwa hata hapa Msumbiji. Weka unga wa muhogo katika beseni, utie alama pale unga ulipofikia. Tia maji huku ukikoroga. Unga utashuka, endelea kutia maji mpaka ufike tena kwenye alama. Utandaze kwa utandu mwembamba usiozidi sentimeta moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sumu itatoka pamoja na hewa. Upikwe siku hiyohiyo. Unga huo una maji tayari, kwa hiyo punguza tui utakapokanda. Tafadhali fundishaneni. Njia hii haina gharama yoyote isipokuwa subira.

TATIZO LETU NI MOTO

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mchele tunao kidogo, nazi hupatikana, mikono tunayo. Kinachokosekana ni kuni.

Kila nyumba hapa ina mafiga yake matatu, na kila alfajiri kila nyumba huwasha moto wake. Nyumba 20 zilizopangana ni mioto 20 ya kuchemsha chai na kuoka vipande kumi na viwili vya mkate. Kuni hizo hutoka wapi? Miti iliyo karibu tumeimaliza. Siku hizi wanaofuata kuni ni mabinti zetu, na hufuata mbali. Hatuna haja ya kueleza mbele ya mkutano huu kuna nini huko msituni. Kila mzazi hapa anajua. Mwanafunzi wetu wa kike anapokosekana siku ya soko la kuni, sisi hatuandiki "mtoro" kwenye daftari. Tunaandika "kuni".

Kwa nyumba moja moja, ipo nafuu. Chukueni sufuria kubwa yenye kifuniko, tieni mchanga mkavu unene wa vidole viwili, juu yake mawe matatu madogo, na juu ya mawe bati la mikate. Pasheni kwanza, kisha wekeni bati, funikeni, na muweke makaa juu. Moto wa juu uzidi wa chini. Kwa nusu saa mikate imeiva, na makaa ni machache kuliko kuni za mafiga.

Lakini dawa hasa ni tanuri la mtaa. Tanuri la udongo hupashwa moto ndani kwa ndani, kisha makaa huondolewa, mlango hufunikwa, na joto lililobaki katika kuta ndilo linalooka. Likipashwa mara moja, hutoa bati baada ya bati: kwanza mikate inayotaka joto kali, halafu mikate mitamu na mkate wa kumimina, na mwisho, tanuri likianza kupoa, muhogo wa kuchoma. Kupima joto ni rahisi: tupa unga kidogo sakafuni. Ukiungua mara moja, subiri. Ukigeuka rangi ya kahawia polepole, weka bati. Udongo tunao, hasa wa vichuguu, ambao ukichanganywa na mchanga na majani makavu haupasuki upesi. Mafundi wa matofali tunao. Kuni za moto mmoja zitatosha nyumba nyingi.

KWA NINI HATUJALIJENGA

Mtauliza, kama ni rahisi hivyo, kwa nini halijajengwa? Tuseme ukweli, maana leo ni siku ya kusema ukweli. Halijajengwa kwa sababu tunaogopana.

Tanuri la mtaa linataka umkabidhi jirani bati lako la mikate, ulale ukijua utaikuta yote kumi na miwili. Linataka mmoja ashike zamu ya kuni na wenzake wamwamini. Hapa tupo Wamwani, Wamakonde, Wamakua na Waswahili wa Palma. Tupo Waislamu na Wakristo. Wapo waliotoka kijiji kimoja na wale ambao hakuna anayejua walitoka wapi. Vita hii iliingia vijijini kwetu ikiwa na nyuso tulizozijua. Tangu hapo jirani humtazama jirani mara mbili. Hatumlaumu mtu. Lakini tukiendelea hivi, hata siku tutakapopewa nauli ya kurudi, tutarudi kila mtu na mafiga yake, na hapo tutakuwa tumerudi mahali bila kurudi nyumbani.

Wazee wetu wanalijua hili. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, watu wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma kwa maelfu, na wengi walikaa katika makazi ya wakimbizi kama Rutamba, huko Lindi, mpaka Uhuru wa 1975. Huko walilima pamoja na kusomesha watoto pamoja, na wengi walirudi na Kiswahili hiki tunachozungumza sasa. Haba na haba hujaza kibaba. Kuaminiana nako hujengwa hivyohivyo, kibaba kwa kibaba.

Basi sisi walimu tunapendekeza mambo manne mbele ya Kamati.

Kwanza, lianze tanuri moja tu, katika mtaa utakaojitolea, karibu na kisima, ili maji ya kunawa mikono yawepo. Kipindupindu kinatujua kwa majina, na mkate uliokandwa kwa mikono michafu ni mlango wake.

Pili, liwe na daftari. Kila bati liandikwe jina na idadi ya mikate, likiingia na likitoka. Wanafunzi wetu wakubwa wataandika kwa zamu. Watajifunza hesabu, na hakuna atakayesema ameibiwa pasipo ushahidi.

Tatu, washike kazi vijana, wa kiume na wa kike, na walipwe mkate mmoja katika kila bati, wa kula au wa kuuza. Kijana asiye na kazi humsikiliza kila anayemwita, na sote tunajua ni nani wamekuwa wakiwaita vijana wetu. Kijana anayejua kuwa alfajiri nyumba 20 zinamsubiri yeye, ana jambo la kujibu anapoitwa.

Nne, bati la kila Ijumaa na la kila Jumapili liwe la wasio na kitu: wajane, wazee walio peke yao, na watoto wanaolelewa na watoto wenzao. Katika mwezi wa Ramadhani tanuri lioke jioni kwa ajili ya futari, na wenzetu Wakristo washike zamu ya kuni, Krismasi tutawalipa.

KWA WAFANYAKAZI WA MASHIRIKA

Ndugu zetu, ninyi mnafanya kazi ngumu, na wengine wenu pia ni watu wa mkoa huu ambao nyumba zao zilichomwa kama zetu. Hatuwaombi ngano. Tunawaomba mambo madogo.

Mkiona mama ameuza mchele kidogo sokoni, msimwandike kama mtu asiye na shida. Muulizeni amenunua nini. Mashine ya kusaga ikiharibika, itengenezwe mapema, kwa sababu mchele wa vitumbua hutwangwa na mabinti walewale wanaofuata kuni. Mkigawa sufuria, basi katika kila nyumba iwemo moja yenye kifuniko cha bati kinachostahimili makaa. Na mnapopanga miradi ya kuwapa akina mama biashara, kumbukeni kwamba mwokaji anahitaji soko. Akina mama 40 wakifundishwa maandazi katika mtaa mmoja, hakuna atakayemnunulia mwenzake.

Jambo la mwisho kwenu: njoni mle. Wageni wetu hufika na magari, huandika, huondoka kabla ya chai. Tanuri likijengwa, njoni alfajiri moja mkae nasi mkekani. Kuna mengi ambayo fomu haziulizi na ambayo mtu huyasema akiwa na kitumbua mkononi.

MWISHO

Wazazi wenzetu, hatujui mwaka gani vita vitakwisha. Mocímboa da Praia ilitekwa Agosti 2020, ikakombolewa Agosti 2021, na mpaka leo wapo wanaolala na viatu miguuni. Hatuwezi kuwaahidi watoto tarehe ya kurudi. Tunaweza kuwaahidi asubuhi. Tunaweza kuhakikisha kwamba mtoto aliyezaliwa chini ya turubai anajua harufu ya iliki kwenye tui, anajua mkate wa kumimina wa bibi yake ulikuwaje, na siku atakapofika kule ambako hajawahi kufika, atapatambua kwa pua kabla ya macho.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, sisi walimu tutakuwa kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shule, tukiwa na majembe na ndoo. Fundi wa matofali mmoja amekwisha kubali kuja. Anayetaka mtaa wake uwe wa kwanza, aje na jembe.